Mafaili yanapohamia mtandaoni bila mwenyewe kujua

KOMPYUTA mpya imenunuliwa na kuwashwa kwa mara ya kwanza. Kifurushi cha intaneti kimewekwa asubuhi, na kufikia mchana kimekwisha, ilhali mwenye kompyuta amesoma barua pepe mbili tu. Wa kwanza kulaumiwa huwa kampuni ya simu. Wa pili ni kirusi.

Katika visa vingi wote wawili hawahusiki. Aliyekula kifurushi ni OneDrive, programu inayokuja ndani ya Windows. Hujiwasha yenyewe kila kompyuta inapowashwa na kufanya kazi kimya kimya bila kufungua dirisha lolote. Dalili ya uhai wake ni alama ndogo ya wingu karibu na saa, upande wa chini wa kioo.

Programu hii haikuja kwa siri. Microsoft ilianzisha huduma hiyo mwaka 2007 kwa jina la SkyDrive, ikalazimika kubadili jina mwaka 2014 baada ya kubwagwa mahakamani nchini Uingereza na kampuni ya televisheni ya BSkyB iliyopinga matumizi ya neno Sky. Windows 10 ilipotoka mwaka 2015, OneDrive ilikuwa tayari sehemu ya mfumo.

Kazi yake inaeleweka kwa urahisi. Huangalia folda iliyokabidhiwa saa zote. Faili likibadilika, hulinganisha nakala iliyopo na ile iliyo kwenye seva za Microsoft, kisha hupeleka au huleta mabadiliko. Ndiyo maana siku za mwanzo, inapohesabu na kupakia kila kitu, kompyuta huwa nzito, hasa zile zenye diski za zamani. Kazi hiyo ikikamilika, programu hutulia.

Ina manufaa pia. Mwanafunzi aliyeibiwa kompyuta wiki moja kabla ya kuwasilisha tasnifu, au mhasibu ambaye diski yake imekufa, ataishukuru siku hiyo.

Tatizo liko kwenye ruhusa. Mwaka 2018 Microsoft ilileta utaratibu wa kuziweka folda za Desktop, Documents na Pictures chini ya uangalizi wa OneDrive. Mtumiaji aliulizwa kwanza. Mwaka 2024 vyombo vya habari vya teknolojia viliripoti kwamba Windows 11 ikifungwa upya kwa kutumia akaunti ya Microsoft, utaratibu huo huwashwa bila swali lolote kuulizwa.

Kampuni huuita utaratibu huo hifadhi, neno ambalo kwa kweli linapotosha. Folda hizo huhamishwa, zikawekwa ndani ya folda ya OneDrive. Kuanzia hapo faili la kwenye kompyuta na lile la kwenye seva ni kitu kimoja chenye milango miwili. Likifutwa kupitia mlango mmoja, limefutwa kote.

Wengi hulijua hilo wakiwa wamechelewa. Akaunti ya bure ina nafasi ya gigabaiti 5 tu, ambayo picha na video za harusi moja zinaweza kuimaliza. Tangu Februari 2023, viambatanisho vya barua pepe za Outlook.com navyo huhesabiwa katika nafasi hiyo hiyo, na ikijaa barua pepe huacha kuingia. Mfanyabiashara anayesubiri oda kutoka kwa mteja hataelewa kwamba oda imezuiwa na picha za kipaimara cha mwanawe zilizokuwa kwenye Desktop.

Hupokea onyo kwamba nafasi imejaa, huingia kwenye tovuti ya OneDrive na kufuta kila anachokiona, akiamini kwamba nakala halisi anazo kwenye kompyuta yake. Akirudi kwenye kompyuta hakuti kitu. Kwa akaunti za watu binafsi, pipa la taka la OneDrive hutunza vilivyofutwa kwa siku 30. Zikipita, habari imekwisha.

Kuna jingine linaloigusa Dar es Salaam kuliko inavyoigusa Seattle. OneDrive imeundwa kwa kudhani kwamba mtandao wa Wi-Fi hauna kikomo. Dhana hiyo ni sahihi kwa anayelipia intaneti ya waya kila mwezi. Kwa anayewasha intaneti ya simu yake na kuirusha kwenye kompyuta, hali ni tofauti kabisa. Windows huiona simu hiyo kama Wi-Fi nyingine yoyote, na OneDrive hupakia gigabaiti zake bila huruma, mpaka ujumbe wa salio unapoingia.

Dawa ya hilo ipo, ila imefichwa. Kwenye mipangilio ya Windows, katika sifa za mtandao wa Wi-Fi uliounganishwa, kuna swichi iitwayo "Metered connection". Ikiwashwa kwa mtandao wa simu, Windows hutambua kwamba intaneti hiyo hulipiwa kwa kipimo, na OneDrive ikiwa na mipangilio yake ya kawaida husimama yenyewe. Anayetaka kuisimamisha kwa muda tu anaweza kubofya ile alama ya wingu na kuchagua saa 2, saa 8 au saa 24. Pia inawezekana kuiwekea kikomo cha kasi ya kupakia na kupakua.

Lipo pia suala la mafaili yanayoonekana lakini hayapo. Tangu mwaka 2017 OneDrive inaweza kuonyesha jina la faili kwenye kompyuta wakati faili lenyewe liko kwenye seva pekee. Alama yake ni wingu la buluu. Likibofywa, hushushwa kupitia intaneti. Utaratibu huo huokoa nafasi ya diski, mradi intaneti iwepo.

Mei 12, 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoathirika zaidi. Oktoba 29, 2025, siku ya Uchaguzi Mkuu, intaneti ilizimwa nchini na hali hiyo ikaendelea kwa siku kadhaa. Katika siku kama hizo, faili lenye wingu la buluu ni jina tupu. Mkataba haufunguki, orodha ya mishahara haifunguki, hata kama vyote viliandikwa kwenye kompyuta hiyo hiyo. Kwa mafaili ya kazi, ni busara kubofya folda kwa kitufe cha kulia cha kipanya na kuchagua "Always keep on this device". Yatabaki mtandaoni na kwenye diski pia.

Wapo wanaochukua njia ya mkato. Hufungua Task Manager na kuiua programu hiyo, au huiondoa kabisa kwenye kompyuta. Kuiua hakusaidii, kwa kuwa itafufuka kompyuta ikiwashwa tena. Kuiondoa kwa pupa ni hatari zaidi, kwa sababu yale yenye wingu la buluu hayatakuwapo tena kwenye kompyuta, na mwenyewe atadhani yamepotea.

Utaratibu salama huanza kwa kuyashusha mafaili yote kwenye diski. Kisha hufuata kuzima uangalizi wa folda za Desktop, Documents na Pictures katika mipangilio ya OneDrive. Hapo mtu asishtuke akiona Desktop imekuwa tupu, kwani mafaili huweza kubaki ndani ya folda ya OneDrive, na atalazimika kuyarudisha kwa mkono. Mwisho ndipo huchaguliwa "Unlink this PC", na programu huzuiwa isijiwashe tena.

Wenye kutumia Outlook ya zamani wana jambo la ziada. Faili la .pst linalobeba barua zao mara nyingi huwekwa ndani ya Documents. Hubadilika kila barua inapoingia na huweza kuwa kubwa sana. Microsoft yenyewe ina mwongozo wa kuliondoa humo.

Hayo yote hayana maana kama akaunti si ya mwenye kompyuta. Si jambo geni kwa fundi wa dukani kuiandaa kompyuta ya mteja kwa akaunti aliyoifungua yeye, kwa neno la siri alilolichagua yeye, ili kazi iishe haraka. Mteja huondoka akifurahi. Miezi sita baadaye nakala za hati zake za kiwanja na taarifa za benki ziko kwenye akaunti ambayo funguo zake anazo mtu mwingine. Swali la kwanza la mnunuzi pale dukani lingepaswa kuwa hilo, kabla ya bei ya begi.

Tanzania inayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, na ipo Tume ya kuisimamia. Sheria hiyo inagusa pia usafirishaji wa taarifa nje ya nchi. Mjadala wake, hata hivyo, umejikita zaidi kwenye benki, hospitali na kampuni za simu kuliko kwenye kompyuta inayopakia nyaraka za mteja wa wakili kwenye seva za ng'ambo wakati wakili mwenyewe yuko kwenye chakula cha mchana.

Wazungu wamekuwa wakali zaidi. Mwaka 2021 kampuni ya Kijerumani ya Nextcloud, ikiungwa mkono na nyingine kadhaa, iliilalamikia Microsoft mbele ya Tume ya Ulaya kwa kuifungasha OneDrive pamoja na Windows.

Mfano wa karibuni unaonyesha tofauti hiyo waziwazi. Msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma Oktoba 14, 2025. Microsoft ilitoa nyongeza ya masasisho ya usalama kwa watu binafsi, na ilipoitangaza iliiwekea ukomo wa Oktoba 13, 2026. Asiyetaka kulipa dola 30 za Marekani alitakiwa kuwa na pointi 1,000 za mpango wa zawadi wa kampuni hiyo, au akubali mipangilio ya kompyuta yake ihifadhiwe kwenye OneDrive. Baada ya shinikizo la watetezi wa walaji, wakazi wa Eneo la Kiuchumi la Ulaya waliondolewa sharti hilo na kupewa nyongeza hiyo bure, mradi waingie kwa akaunti ya Microsoft. Kwa watumiaji wa Afrika Mashariki, sharti lilibaki.