Mwanao amepewa makala ya utafiti aifupishe? Msaidie hivi

Mzazi, kijana wako wa chuo yuko nyumbani likizo na mhadhiri amempa makala ndefu ya Kiingereza. Anatakiwa aandike muhtasari, kisha atoe maoni yake. Wengi hunakili ikisiri iliyo mwanzoni mwa makala na kuongeza sentensi moja: "Makala hii ni nzuri sana." Kazi ya namna hiyo haipati alama.

Huhitaji digrii kumsaidia. Mwambie aifunge makala akusimulie kwa Kiswahili, au hata kwa Kikurya. Akishindwa, hajaielewa; arudi kuisoma. Akiweza, muulize maswali manne. Watafiti walitaka kujua nini? Walichunguza nini, wapi na lini? Walikuta nini? Ni kipi ambacho wao wenyewe wanakiri hawakuweza kukijua? Majibu hayo, kwa maneno yake mwenyewe, ndiyo muhtasari. Maoni yake bado hayajaingia.

Tuchukue mfano wa hapa Nyamongo. Mwaka 2012, Åsgeir Almås na Mkabwa Manoko walichapisha utafiti kuhusu metali na elementi nyingine zilizomo kwenye udongo, mashapo na maji jirani na migodi ya Geita na North Mara. Kijana aliyekulia Kewanja au Matongo, aliyesikia tangu utotoni habari za Mto Tigithe kuchafuliwa mwaka 2009, anaweza kuandika hivi: "Almås na Manoko wamethibitisha kuwa mgodi umetuua ng'ombe na kutuletea magonjwa." Uchungu wake unaeleweka, lakini sicho walichopima. Walipima udongo, mashapo na maji. Hawakupima damu ya mtu wala ini la ng'ombe.

Kosa hilo lina gharama nje ya darasa pia. Mwanakijiji akisimama mkutanoni akadai utafiti umesema jambo ambalo haukusema, upande wa pili utafungua ukurasa na kumuumbua. Baada ya hapo hata madai yake ya kweli hayatasikilizwa.

Muhtasari ukikamilika, ndipo maoni yaanze. Achague hoja moja au mbili azichimbe. Sampuli zilichukuliwa masika au kiangazi? Mto uliofurika hautoi majibu sawa na mto uliokaribia kukauka. Watafiti walifika kwenye visima ambavyo akina mama huchota maji? Hapa mwanao ana elimu ambayo mgeni hana: anajua ng'ombe hunywea wapi na watoto huoga wapi. Aiandike, ila aonyeshe wazi lipi ni la watafiti na lipi ameliona yeye. Kisha aseme nini kifuate: kama udongo na maji vimeshapimwa, nani apime afya za watu, na kwa njia gani?

Pale anapokubaliana na waandishi, aseme kwa nini. Pale anapopinga, apinge hoja kwa sababu, asiwashambulie waandishi.

Wewe mzazi usimwandikie, na asiiachie simu imfupishie. Kaa naye jioni akusomee alichoandika, na kila anapomaliza sentensi muulize: "Hilo wamelisema wao, au unalisema wewe?"