Baiolojia Sio Lazima Iishie Kwenye Chaki

Ukisoma Baiolojia na unachora vizuri, lazima umeshaambiwa uchague moja. Sisi wa ualimu ndio kabisa: soma, subiri ajira, kuchora ni kupoteza muda. Mimi nabisha.

Tuanze na samaki tunayemjua wote, sato. Ana tundu moja la pua kila upande, wakati samaki wengi wana mawili. Mstari wa ubavuni umekatika vipande viwili. Mchoraji asiyejua hayo atachora samaki mzuri, ila sio sato. Anayejua lakini hawezi kuchora ataandika maelezo marefu ambayo mtoto wa kidato cha pili hayaelewi. Mwenye vyote viwili ana kitu cha kuuza.

Na wapo. Jonathan Kingdon, mzaliwa wa Tabora, alifundisha sanaa Makerere huku akiandika na kuchora East African Mammals, vitabu vilivyotoka kati ya 1971 na 1982. Guy Harvey wa Jamaika ana PhD ya mambo ya samaki. Michoro yake imejaa kwenye fulana, na taasisi yake inachangia utafiti wa bahari.

Mtaniambia simu zina kamera. Sawa, lakini picha ni ya samaki mmoja kwa mwanga wa siku hiyo. Mchoro unaweza kuonyesha kila pezi limesimama na magamba yanahesabika. Halafu fikiria furu wa Ziwa Victoria. Sangara aliletwa miaka ya 1950, na aina nyingi za furu zimetoweka. Furu akifa rangi hufifia, na akikaa kwenye chupa ya maabara huisha. Aina ambayo hakuna aliyeichora wala kuipiga picha ikiwa hai, rangi zake hatutaziona tena.

Sisemi kila mtu atatajirika. Soko ni dogo, na rangi nzuri ni ghali ukitegemea boom. Ndiyo maana nataka ualimu na brashi viende pamoja, sio kimoja kiue kingine. Kitivo kituruhusu watu wa sayansi kuchukua walau kozi moja ya uchoraji, na ihesabike kwenye GPA. Hata asiyeuza mchoro hata mmoja atafaidika darasani, maana wanafunzi wetu kwenye mtihani wa vitendo bado wanachora panzi wa kitabuni wakati panzi mwenyewe yuko mezani mbele yao.