Maswali Matatu kwa Tozo Moja

Julai 2021 Watanzania walianza kukatwa tozo kwenye miamala ya simu, kuanzia shilingi 10 hadi 10,000 kwa muamala, kulingana na kiasi cha pesa. Malalamiko yalikuwa makubwa, na kufikia Septemba serikali ilikuwa imeipunguza kwa asilimia 30. Mjadala ule ndio uliotusukuma kulitoa toleo hili kwa masomo ya falsafa, siasa na uchumi yanayosomwa pamoja katika shahada moja.

Wachumi waliuliza serikali itakusanya kiasi gani, na wangapi wataacha simu warudie kumpa dereva wa basi bahasha. Wanasiasa waliuliza nani alipitisha, na nani ataulizwa kwenye kura. Swali la tatu, la falsafa, lilibaki vijiweni: kijana ambaye mshahara wake umeshakatwa kodi anamtumia mama yake hela ya dawa, ni haki gani inayoruhusu kuikata tena? Na upande wa pili wake ni mzito vilevile. Serikali ilisema fedha hizo zinakwenda kwenye vituo vya afya, madarasa na barabara za vijijini. Ikiwa kituo kinajengwa kijijini kwa mama huyohuyo, je, malalamiko ya mwanawe bado yanasimama? Huwezi kulijibu hilo bila kujua tozo inamwangukia nani hasa, wala bila kujua nani anapanga kituo kijengwe wapi. Maswali haya yanategemeana, lakini sisi tumeyagawa kwa idara.

Oxford ilianzisha shahada ya kuyaunganisha masomo haya matatu mwaka 1920, ikikusudia elimu ya kisasa badala ya ile ya Kigiriki na Kilatini. Imetoa mawaziri wakuu kadhaa wa Uingereza, na Kofi Busia wa Ghana naye alipitia hapo. Sifa hizo hazinishawishi sana. Leo mwanafunzi wa huko anaruhusiwa kuacha somo moja baada ya mwaka wa kwanza, na kwa maoni yangu hapo ndipo kozi inapopoteza maana yake.

Kwetu mfano upo. Nyerere, aliyehitimu Edinburgh mwaka 1952, alisoma humo uchumi, historia na falsafa ya maadili, na Azimio la Arusha la 1967 linabeba masomo hayo yote. Falsafa yake ya usawa ilikuwa wazi. Uzalishaji katika vijiji vya ujamaa ndio uliomgomea. Tunaurithi ujasiri wake na tunajifunza pia kutokana na kilichoshindikana.

Wapo wanaosema miaka mitatu ya shahada kama hii haitoshi, kwamba mhitimu atajua kidogo cha kila kitu. Hoja hiyo ina uzito, hasa kwenye hesabu. Kozi itakayowaogopa wanafunzi wasiopenda takwimu itatoa wasemaji hodari wasioweza kusoma jedwali la bajeti. Kwa hiyo napendekeza takwimu ziwe za lazima hadi mwaka wa mwisho, somo lolote kati ya matatu lisiachwe, na mtihani wa kumaliza uwe jambo moja la nchi, kama ile tozo, ukisahihishwa na walimu watatu walioketi meza moja. Vyuo vyetu vina walimu hao tayari. Wakuu wa idara wakae mwaka huu, kabla mitaala haijapitiwa upya, waamue nani ataanza.