Mke wa Rais Hapigiwi Kura

Kina mama wengi wa Majengo hujifungulia katika Hospitali ya Uzazi ya Pumwani. Hospitali hiyo ilianza mwaka 1926, enzi za Gavana Edward Grigg, na hapo awali ilibeba jina la mkewe, Lady Grigg. Kwa hiyo jambo tunaloliandika leo si geni mtaani petu. Tuliuonja mapema ukarimu wa mke wa mtawala, wala hatuukani, maana roho nyingi zimeokolewa ndani ya kuta zile. Lakini bibi yule alikuja kwa sababu ya mumewe na kuondoka kwa sababu ya mumewe, na hapana mkazi wa Pumwani aliyekuwa na haki ya kumwuliza neno. Hata gavana mwenyewe hakuulizwa na Mwafrika.

Leo Rais huulizwa, walau kwa kura. Mkewe je? Katiba tuliyoizindua Agosti 2010 haina kifungu kinachounda ofisi ya mke wa Rais. Hata hivyo ofisi ilikuwapo, na fungu lake likawekwa katika bajeti ya taifa. Julai 2024, baada ya vijana kujaza barabara wakiupinga Mswada wa Fedha, Rais Ruto alitangaza kwamba fungu hilo litaondolewa, pamoja na lile la mke wa Naibu wa Rais. Fedha ambazo Bunge lilizipitisha bila hata kukohoa zikakatwa kwa hotuba moja! Twauliza: ikiwa matumizi hayo yalikuwa halali, mbona yasitetewe hadharani? Na ikiwa hayakuwa halali, ni nani atakayetoa hesabu ya yaliyokwisha kutumika?

Msomaji asidhani tunawaonea chuki wanawake hawa. Mwaka 2014 Margaret Kenyatta alikimbia mbio za marathoni za London kuchangia kampeni yake ya Beyond Zero, na magari ya kliniki yakapelekwa katika kaunti ili mama asife akijifungua. Tunampa heshima yake. Lakini Mei 2005 Lucy Kibaki aliingia usiku katika chumba cha habari cha Nation akampiga kofi mpiga picha, wala hakuhukumiwa. Kiti kilikuwa kile kile. Mmoja alikikalia kwa huruma, mwingine kwa hasira, na mwananchi hakuwa na la kufanya ila kungoja aone amejaliwa yupi. (Rais Moi naye alitengana na Mama Lena mwaka 1974, akatawala miaka 24 bila mke Ikulu. Wanong'onezaji hawakukosekana hata hivyo.)

Wamarekani, ambao twapenda kuwaiga, wamelisumbukia jambo hili kwa muda mrefu. Rais Woodrow Wilson alipopooza mwaka 1919, mkewe Edith ndiye aliyeamua ni karatasi gani zimfikie na nani amwone. Mwaka 1978 Bunge lao lilitunga sheria inayoruhusu mke wa Rais kupewa watumishi pale anapomsaidia Rais katika kazi zake. Na Bill Clinton alipomkabidhi mkewe Hillary kuongoza mageuzi ya matibabu mwaka 1993, watu walikwenda mahakamani kuuliza: je, huyu ni mtumishi wa serikali au ni raia wa kawaida? Majaji wakalazimika kutoa jibu. Hapo ndipo tunapowaonea wivu. Hatutamani fahari ya White House. Tunatamani ule ujasiri wa kuuliza.

Jirani zetu wa Uganda walifuata njia nyingine. Janet Museveni aligombea ubunge wa Ruhaama akaingia Bungeni mwaka 2006, na mwaka 2016 akapewa Wizara ya Elimu na Michezo. Waziri huulizwa maswali Bungeni, hilo ni jema; ila aliyempa kalamu ndiye anayekula naye meza moja.

Sisi hatudai mke wa Rais afungiwe jikoni. Tunadai mambo mawili tu. Akitumia fedha za umma, iwepo sheria inayosema ni kiasi gani na kwa kazi gani, na Mkaguzi Mkuu azikague. Na kitanda, dawa na mkunga wa Pumwani viwe katika bajeti kama haki, visingoje moyo mwema wa mtu yeyote.

Makadirio ya serikali hufikishwa Bungeni kabla ya Aprili kwisha, na Katiba inaiamuru kamati ya Bunge kusikiliza maoni ya wananchi. Makanisa na vikundi vya Majengo viyatafute makadirio hayo mapema, viyasome kifungu kwa kifungu, kisha vimwandikie mbunge wetu wa Kamukunji.