Kufungua Msimbo si Kuitupa Haki

Miongoni mwa masuala yanayowagawanya watunzi wa michezo ya kompyuta duniani, liko moja linalowagusa hasa watunzi wadogo, wale wasio na kampuni kubwa nyuma yao. Je, mtunzi aliyekwisha kuuza mchezo wake autoe msimbo wake hadharani, au aufiche maisha yake yote? Yafaa suala hili lichunguzwe na askari wa jeshi na wa polisi pia, maana ndani yake mna mambo mawili wanayoyajua kwa kazi yao, yaani siri na wizi.

Msimbo ni maandishi ambayo mtunzi huyaandika ili kuiamuru kompyuta. Anayenunua mchezo kwa kawaida hapewi maandishi hayo, bali matokeo yake tu, mfano wa mtu anunuaye mkate pasipo kuelezwa ulivyokandwa. Mwenye msimbo aweza kusahihisha kasoro, kuuhamishia mchezo kwenye mashine mpya, au kutunga mchezo mwingine juu ya msingi uleule.

Wanaotetea kufungua wana ushahidi mzito. Kampuni ya id Software ya Marekani iliutoa mchezo wake Doom mwaka 1993, na mwezi Desemba 1997, baada ya kuvuna mapato makubwa, ikautoa msimbo wake. Hata leo Doom unachezwa katika mashine ambazo watunzi wake hawakuziota. Mtunzi mdogo Terry Cavanagh naye aliufungua msimbo wa mchezo wake VVVVVV mwaka 2020, ulipotimiza miaka kumi. Kinyume chake, mchezo uliofungwa uko hatarini kufa pamoja na mashine yake. Kampuni kubwa ina idara ya kutunza kazi zake, ilhali mtunzi mdogo akiugua, akifilisika au akifariki, hakuna wa kuirithi kazi ya mikono yake.

Hata hivyo, wanaopinga nao hawasemi ovyo. Mwezi Mei 2010, michezo kadhaa ya watunzi wadogo iliuzwa pamoja, kila mnunuzi akijipangia bei, na sehemu ya fedha ikienda katika misaada. Mapato yalipovuka dola milioni moja, watunzi wa michezo minne walitoa misimbo yao kwa umma. Mmojawapo ulikuwa Lugaru wa kampuni ndogo ya Wolfire, mchezo wa sungura apiganaye. Mwanzoni mwa mwaka 2011, muuzaji mwingine aliuweka mchezo huohuo katika duka la Apple la programu za Mac, akiuuza kwa bei isiyofika dola 2, ilhali wenyewe waliuuza karibu dola 10. Alipolaumiwa, alijitetea kwamba leseni ya msimbo ilimpa ruhusa.

Hapo ndipo penye kiini cha mambo. Leseni ile iliruhusu kweli msimbo unakiliwe, ubadilishwe, hata uuzwe. Lakini mchezo si msimbo peke yake. Una picha, sauti na ramani zake, na hizo watunzi hawakuwa wamemruhusu mtu yeyote kuziuza. Muuzaji alipewa ufunguo wa chumba kimoja, akaihamisha nyumba nzima. Duka hatimaye liliiondoa bidhaa yake, lakini kwa siku kadhaa wenye mali walishindana sokoni na kazi yao wenyewe. Funzo ni kwamba leseni haijilindi yenyewe, na mtunzi mdogo hana jeshi la mawakili.

Je, Wolfire waliapa kutofungua tena? La. Mchezo wao uliofuata, Overgrowth, ulikamilika mwaka 2017, na mwezi Aprili 2022 wakautoa msimbo wake kwa leseni inayoruhusu hata matumizi ya biashara, huku picha na ramani zikibaki bidhaa ya kununuliwa. Walioibiwa walirudi kufungua, ila mara hii mchezo ulikuwa umekwisha kuuzwa kwa miaka.

Liko pia suala la udanganyifu. Msimbo wa mchezo Quake ulipotolewa mwezi Desemba 1999, haukupita muda mrefu kabla wachezaji wengine hawajatengeneza programu za kuwapa shabaha isiyo ya kibinadamu katika mashindano ya mtandaoni. Wapo waliosema kwamba siri ingeuokoa mchezo. Lakini kasoro ilikuwamo tangu mwanzo, kwa kuwa mchezo uliiamini mno kompyuta ya mchezaji. Mwaka 1883 Auguste Kerckhoffs aliandika katika jarida la kijeshi la Ufaransa kwamba mfumo wa maandishi ya siri haupaswi kudhurika hata ukianguka mikononi mwa adui. Siri iwe ufunguo tu. Kambi ambayo usalama wake unategemea adui asijue lango liko wapi haina ulinzi.

Kwa upande wa polisi, jambo hili si la Marekani peke yake. Sheria ya haki za watunzi iliyopitishwa Uganda mwaka 2006 inazitaja programu za kompyuta miongoni mwa kazi zinazolindwa. Kwa hiyo mfanyabiashara akidai kwamba mchezo anaouuza ni wa umma, askari asikubali wala asikatae upesi. Aulize: ni msimbo tu uliotolewa, au na picha na sauti? Leseni yasemaje kuhusu kuuza? Aliyepewa ruhusa asionewe, na asiyepewa asijifiche nyuma yake.

Kwa maoni yetu, mtunzi mdogo afungue msimbo wake, lakini asifungue kwa pupa. Kwanza ale jasho lake, mchezo uuzwe hadi mapato yapungue. Pili, atenge waziwazi msimbo na picha, sauti na jina la mchezo, na kila kimoja akiandikie masharti yake. Tatu, kama mchezo ni wa mtandaoni, ulinzi wake uimarishwe kabla ya lango kufunguliwa. Mtunzi akifanya hivyo, mwizi hatakuwa na kisingizio, na mchezo hautazikwa pamoja na mtunzi wake.