Neno la Mhariri: Ukuta wa Wayeye

Mwaka 1953 kampuni ya Faber and Faber ya London ilichapa kitabu kuhusu michoro ya ukutani ya mafundi wa nyoka wa Tanganyika. Aliyekiandika ni Hans Cory, mzaliwa wa Austria aliyeitumikia serikali ya kikoloni kama mtafiti wa mila na sheria za makabila. Michoro hiyo ilikuwa ndani ya nyumba ambazo mpita njia hakaribishwi, nyumba za Wayeye.

Toleo hili ni la wachoraji wa Tabora na ukanda wa magharibi ambao hawakupita chuo chochote cha sanaa. Naanza na Wayeye makusudi. Tukiwasahau hao, tutawatazama hawa wa leo kama watu waliookota kipaji njiani, na tutakuwa tumewadhulumu wote.

Buyeye ni chama cha wajuzi wa nyoka, kinachojulikana kwa Wasukuma na kwa ndugu zao Wanyamwezi, na wanachama wake ndio Wayeye. Mtu hukiingia kwa kufundwa. Hufundishwa kumkamata nyoka na kumfuga, dawa za kutibu aliyeumwa, nyimbo na ngoma, na mambo ambayo asiyekula yamini haambiwi. Kuta za nyumba ya mafunzo zilichorwa nyoka, watu, mizimu na viumbe wa hadithi za kale. Rangi zilitoka pale pale nyumbani: udongo mwekundu, udongo mweupe, weusi wa mkaa. Mwanafunzi alikaa mbele ya ukuta huo akasimuliwa, na picha ikawa kitabu chake.

Ili tuone mwanafunzi huyo alivyofundishwa kutazama, tumfikirie nyoka aitwaye kifutu. Ni mfupi, mnene, na mgongoni ana alama zilizopangana kama vichwa vya mishale. Hakimbii akisikia mguu. Hujilaza kimya kwenye majani makavu, na ndiyo maana wengi humkanyaga. Koboko ni mwingine kabisa: mwembamba, mrefu, mwepesi, na asiyemjua humdhani mweusi mwili mzima, kumbe weusi wake uko ndani ya kinywa na ngozi yake ni ya kijivu au kahawia. Mganga akiletewa mgonjwa aliyeumwa, swali lake la kwanza ni nyoka gani, maana tiba inaanzia hapo. Katika kazi ya namna hiyo jicho linafundishwa kwa miaka, na kosa la jicho linaua. Anayeshika rangi baada ya mafunzo hayo analijua pori la miombo kwa namna ambayo mwanafunzi wa chuo, mwenye penseli nzuri na karatasi nzuri, hataijua kwa kutazama picha za vitabuni.

Na pori hilo halikuwa na wanyama peke yao. Katika imani za huku, mizimu ya waliotangulia haikai mbali na walio hai, wala haikai mbali na mti mkubwa, mwamba au nyoka. Kwa hiyo mchoraji alikuwa na walimu wawili, pori na wazee, na wote walikuwa wakali. Nashangaa tunapoandika kwamba mtu kama huyo alijifunza peke yake.

Wasomaji wengi watanikumbusha Edward Saidi Tingatinga, na ni haki. Alizaliwa Tunduru mwaka 1932, akafanya kazi nyingi za mikono kabla ya kuanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968. Alitumia ubao na rangi ya kung'aa ya kupakia baiskeli, akachora ndege na wanyama. Mwaka 1972 aliuawa kwa risasi ya polisi, na ndugu zake aliokuwa amewafundisha wakaendeleza kazi hata ikawa mtindo unaojulikana duniani kwa jina lake. Ninaiheshimu kazi hiyo. Lakini imeuzika sana, na kwa kuuzika imetuzoesha kuamini kwamba mchoraji asiye na chuo kazi yake ni kumchorea mgeni twiga na Kilimanjaro. Vijana wa Tabora nao wameanza kuzifuata picha hizo hizo, twiga chini ya mlima ambao hawajauona, ilhali nyuma ya nyumba zao kuna miombo, mizinga ya nyuki na hadithi za babu zao. Ukuta wa Wayeye ulichorwa kwa macho ya wenyeji, na walioutazama walitakiwa wauelewe. Huko ndiko ningependa wachoraji wetu waanzie.

Kuna jambo lingine linaloniuma. Tunakumbuka njia na wageni, tunawasahau wenyeji. Njia ya zamani ya misafara ya biashara ilitoka Bagamoyo, ikapita Mpwapwa na Ugogo, ikaingia Unyanyembe, huku kwetu Tabora, na kuendelea hadi Ujiji, na mizigo yake ilikuwa mabegani mwa wapagazi, wengi wao Wanyamwezi. Mwaka 2006 Tanzania iliviingiza vituo vya njia hiyo, Kwihara kikiwemo, katika orodha ya awali ya urithi wa dunia ya UNESCO. Kwihara, karibu na Tabora, kuna tembe alimokaa mmisionari na mpelelezi David Livingstone mwaka 1872 akisubiri wapagazi. Ni vizuri litunzwe. Ila mpagazi mwenyewe aliporudi nyumbani alitazama ukuta gani, aliogopa nini porini, alimwomba nani amfikishe salama? Hayo hayana kibao. Vivyo hivyo kwa mafundi: kiti cha enzi cha mtawala wa Buruku, kazi ya Mnyamwezi mwenye mkono wa ajabu, kiko Berlin tangu enzi ya Wajerumani. Wanaokisifu ni wengi, na hakuna anayeweza kumtaja fundi wake. Kuta za udongo nazo, nyumba ikihamwa, masika machache huzimaliza.

Wapo watakaoniambia kwamba mambo ya Buyeye ni ya siri, na ya siri yaachwe. Nakubali kwamba dawa na viapo ni vya wenyewe, na humu hatujachapa hata kimoja. Wapo pia wanaoona aibu, kwa dini zao, kuyataja. Nawakumbusha kwamba aliyeanzisha makumbusho ya Bujora, karibu na Mwanza, yanayohifadhi mila za Wasukuma, alikuwa padre, David Clement, na hakuona kwamba kuheshimu ujuzi wa wenyeji kunampunguzia imani.

Kwa hiyo tumeweka sharti moja katika toleo hili na yatakayofuata. Picha haichapwi bila jina la aliyeichora, kijiji chake, na maneno yake mwenyewe kuhusu alichokichora na nani alimfundisha, awe bibi, mganga, mrina asali au sheikh wa zawiya. Nawe msomaji wa Urambo, Sikonge, Nzega au Ujiji, kama kwenu kuna ukuta uliochorwa au mzee aliyeuchora, nenda umwombe ruhusa, uandike jina lake kamili na anayoyasema, utuletee kabla ya masika.