Karatasi ya bei nafuu yaweza kumtia hasara msafirishaji

MARUFUKU ya mifuko ya plastiki iliyowekwa Rwanda mwaka 2008, ikafuatiwa na Kenya Agosti 2017 na Tanzania Bara Juni 1, 2019, imeongeza umuhimu wa karatasi katika biashara ya vifungashio. Hata hivyo, wanunuzi wengi bado huichagua kwa kigezo kimoja tu, nacho ni bei ya kilo.

Kigezo hicho kinapotosha. Karatasi huuzwa kwa uzito, lakini mfuko hutengenezwa kwa eneo. Tani moja ya karatasi ya gramu 80 kwa mita ya mraba hutoa mita za mraba 12,500, wakati ile ya gramu 100 hutoa 10,000 tu. Kwa hiyo, iwapo karatasi iliyotokana na makaratasi chakavu itahitaji gramu 100 ili ibebe mzigo unaobebwa na kaki mpya ya gramu 80, bei yake lazima iwe chini kwa zaidi ya asilimia 20 ndipo mnunuzi aone nafuu. Hapo nauli ya uzito wa ziada bado haijahesabiwa.

Tofauti iko kwenye nyuzi. Kaki imara hutokana na miti ya misindano, ambayo nyuzi zake ni ndefu. Ndiyo malighafi ya kiwanda cha Mgololo, wilayani Mufindi. Kila karatasi inaporudishwa kiwandani kusagwa upya, nyuzi hizo hufupika. Karatasi ya namna hiyo inafaa kwa boksi la sabuni au la viatu, si kwa mfuko wa saruji wa kilo 50.

Na kwa saruji, unene peke yake hautoshi. Mashine hujaza mfuko kwa kasi, na hewa inayoingia na saruji lazima ipate pa kutokea. Karatasi isiyopitisha hewa hupasuka hata kama ni nene.

Kwenye maboksi adui ni unyevu. Boksi lililojaribiwa likiwa kavu laweza kupoteza karibu nusu ya nguvu yake likikaa kwenye hewa nzito kama ya Dar es Salaam au Mombasa. Anayepanga maboksi ghalani kwa kimo kilekile cha msimu wa kiangazi asishangae ya chini yakibonyea. Unyevu huo pia huongeza uzito wa karatasi, na mnunuzi asiyepima hulipia maji kwa bei ya karatasi.

Kwa vyakula, karatasi chakavu isigusane na mkate wala chipsi, kwani huweza kubaki na mabaki ya wino. Karatasi yenye utando wa plastiki ndani huzuia mafuta na maji, ila sheria za nchi jirani hazifanani. Ni busara kuuliza mamlaka ya mazingira ya nchi ya mnunuzi kabla ya kuchapisha mifuko, si lori likiwa limeshafika Rusumo.

Anayeumia zaidi mara nyingi ni mwenye lori. Husaini kupokea mzigo "katika hali nzuri", kisha maboksi dhaifu yakibomoka njiani hudaiwa yeye. Msafirishaji anayeona maboksi yamelowa au yamebonyea wakati wa kupakia ana haki ya kuandika hivyo kwenye hati ya mzigo kabla ya kutia saini.